Maneno ya Kaka Yangu, Ukurasa wa 143

Tarehe 4 Machi

Kwa Mwandishi,

Salamu. Mimi ni yule fundi mitambo uliyemhoji siku mbili mfululizo kwenye chumba changu cha kutengenezea vyerehani. Siku ya pili uliegemea meza na suruali yako ikaingia grisi. Natumai ilitoka, ingawa grisi ile huwa haitoki.

Kitabu chako cha kiwanda chetu nimekimaliza. Nimekisoma mara mbili, na mara ya pili nilikisoma nimesimama, kwa sababu kukaa kulinishinda. Mke wangu analalamika kwamba nazunguka nacho nyumba nzima na kugonga viti. Nimefanya kazi pale miaka ishirini na sita mpaka kikafungwa, na sijawahi kuona mtu akiandika jinsi pamba inavyoganda kwenye kope ukitoka zamu, au jinsi sakafu ya ukumbi wa kusokota nyuzi inavyotetemeka mpaka unaisikia kwenye meno. Niliposoma habari za chumba cha boila nilinusa moshi. Sikudanganyi.

Nina neno dogo. Ukurasa wa 61 umeandika kwamba nilisema, "Mashine haifi, inachoka kusubiri." Mimi sikumbuki kusema hivyo. Mimi husema mashine imekufa, basi, tuitoe vipuri. Lakini sina kinyongo. Huenda kelele za barabarani zilikuingilia, na maneno yenyewe ni mazuri kuliko yangu. Vijana wa mtaani wameyaandika kwa rangi kwenye ukuta wangu, wateja siku hizi wananiita Falsafa, nami nimenyamaza jii kana kwamba ni yangu kweli.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Ukurasa wa 143 umemweka kaka yangu, msimamizi wa zamu ya pili. Nilikusimulia habari zake. Wakati wa mgomo mimi nilikuwa nje ya geti na wenzangu, yeye anaingia kazini kila asubuhi. Siku ya tisa nilimtemea mate mbele ya watu. Akajifuta kwa leso, akaingia. Tangu siku hiyo ni miaka kumi na moja hatujasemezana, na kutoka kwangu kwenda kwake ni mitaa minne tu. Mama yetu tulimzika kila mmoja amesimama upande wake wa kaburi.

Na wewe umeandika kwamba kaka alikuambia hivi: "Kila nilipopita getini nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Angenitukana ningefurahi, maana ningeisikia sauti yake."

Nimeyasoma mpaka nimeyashika kwa moyo. Naomba unijibu mambo mawili tu. Aliyasema kweli? Na alipoyasema alikuwa amekaaje, alikuwa anaangalia wapi?

Usikawie kunijibu, maana kazi haziendi huku. Jana nimefunga sindano ya cherehani kinyumenyume, na mwenye cherehani ananitazama.

Wako,
Fundi

*

Tarehe 19 Machi

Mzee wangu Fundi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikamsomea mchapishaji wangu, naye akaomba nakala aibandike ofisini. Wasomi wameandika mengi kuhusu kitabu hiki, lakini mtu aliyeshika spana mle ndani akisema amenusa moshi, mimi sina ninachotaka zaidi.

Kuhusu ukurasa wa 61, nadhani uliyasema ukiwa umeinama chini ya meza unatafuta skrubu. Mtu akiwa kazini husema mengi ambayo baadaye hayakumbuki.

Kuhusu kaka yako, ndiyo, aliyasema. Tulikuwa sebuleni kwake, yeye kwenye kochi karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, anaangalia nje. Aliongea kwa sauti ya chini hata ikabidi nisogee.

Kama ningekuwa wewe, mzee wangu, ningeenda kumwona. Miaka kumi na moja ni mingi, na yeye ameshasema lililo moyoni mwake.

Kwa heshima kubwa,
Mwandishi

*

Tarehe 10 Aprili

Kijana wangu, marahaba.

Nimeenda. Siku ya kwanza nilifika kwenye kona nikarudi, nikamwambia mke wangu jua ni kali. Siku ya pili nilifika mpaka mlangoni, nikasikia redio ndani, nikarudi tena. Siku ya tatu shemeji alikuwa nje anaanua nguo, akaniona kabla sijageuka. Alinitwika nusu ya zile nguo, akaniambia niziingize ndani.

Kaka amezeeka. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni ila kivuli. Nilikohoa tu, akanitaja kwa jina langu la utotoni, lile ambalo hata mke wangu halijui. Mimi nimesimama na shuka mikononi. Nikaziweka chini, nikatoa kitabu. Nikamwambia nimekuja kukusomea ulichosema. Nikasoma ukurasa wa 143. Nilipomaliza akawa anaifuta meza kwa kiganja, meza yenyewe safi. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Nilikula. Siku hizi naenda kila baada ya siku moja. Tunasikiliza taarifa ya habari na kubishana, kisha namsomea sura moja ya kitabu chako. Ukali wake uko palepale, juzi amenikosoa usomaji, anasema nameza vituo kama mtu anayekimbizwa. Yale mate nimemwomba radhi. Akasema sawa, tuendelee na sura ya tano.

Kuna kitu kidogo tu. Uliniambia kochi liko karibu na dirisha. Kochi limeegemea ukuta, na sebule ile haina dirisha la kuonea nje, ina kijidirisha cha juu cha kupitishia hewa. Labda umechanganya na nyumba nyingine, maana umehoji watu wengi.

Mungu akuweke. Umenirudishia mtu.

Fundi, au Falsafa ukipenda

*

Tarehe 11 Mei

Mzee wangu, shikamoo.

Nakuandikia kwa haraka. Pengine umeliona gazeti la Jumapili. Kuna mwanahabari amegundua kwamba yule mtunza stoo niliyemnukuu kwenye sura ya pili alifariki miaka miwili kabla sijaanza kuhoji watu. Ni kosa la daftari, nilichanganya majina. Lakini sasa wanataka kuyaona madaftari yangu yote, na mchapishaji amesimamisha kitabu mpaka kila aliyenukuliwa athibitishe kwa sahihi kwamba maneno ni yake.

Nimeambatanisha fomu mbili, yako na ya kaka yako. Ni sahihi tu, hakuna kingine cha kujaza. Mwisho wa kuzirudisha ni tarehe 30 Juni.

Mzee wangu, wewe mwenyewe umeona ukurasa ule ulivyofanya kazi. Kitabu kikiondolewa madukani, nao unaondoka.

Mwandishi

*

Tarehe 20 Mei

Mwandishi,

Fomu zimefika. Kabla ya kutia sahihi niliona niwaulize wenzangu, tukakutana kwa Bi Uzi, yule mfumaji wa mashine ya nne. Nikaanza mimi. Nikawaambia jamani, nina aibu yangu hapa, yale maneno ya ukurasa wa 61 sikuyasema.

Watu wakatazamana. Kisha Bi Uzi akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Yeye umemwandika kwamba aliwafundisha binti zake kuhesabu kwa nyuzi zilizokatika. Bi Uzi ana watoto watatu, wa kiume wote, wana ndevu. Hakusema kitu kwa sababu alidhani umejichanganya kwake tu, na hakutaka kukuaibisha, akiamini sisi wengine umetunukuu sawasawa.

Mlinzi naye umemwandika kwamba ufunguo wa geti bado anaulalia chini ya mto. Ufunguo ule walienda nao waliokuja kung'oa mashine. Ila wajukuu zake walisoma, wakataka kuuona, na yeye hakutaka kitabu kizima kimpinge, basi akaenda kwa fundi wa vyuma chakavu akatafuta ufunguo mkubwa wenye kutu. Sasa anaulalia kweli. Anasema unamuumiza shingo.

Tulikuwa saba. Wote saba umetulisha maneno, na wote saba tulinyamaza, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Tulicheka sana. Halafu mimi nikaacha kucheka, kwa sababu nililikumbuka lile kochi.

Sitaki habari za daftari wala za kuchanganya majina. Nijibu swali moja: kaka yangu aliyasema au hakuyasema? Wiki hii nimeenda kwake mara mbili na mara zote nimeshindwa kumwuliza. Nakaa, nasimama, nafungua kitabu, nafunga. Ananiuliza nina nini, namwambia ni mgongo. Kama hakuyasema, basi nimejipeleka kwa ndugu ambaye hakuniita, nimekaa kwenye kochi lake mwezi mzima nikijiona nimesamehewa. Naogopa, nakuambia wazi.

Fundi

*

Tarehe 3 Juni

Mwandishi,

Leo ni siku ya kumi na nne. Barua ya kwako huchukua siku sita kunifikia. Mwenye jibu la ndiyo hachelewi hivi.

Fundi

*

Tarehe 11 Juni

Mzee wangu,

Hakuyasema.

Kaka yako hakunikaribisha ndani. Sebule yake sijawahi kuiona. Tulisimama mlangoni, saa kumi jioni, dakika zisizozidi tano, akanijibu maswali matatu. La mwisho nilimwuliza kama ana ndugu aliyefanya kazi kiwandani. Jibu lake liko kwenye daftari langu, ni neno moja, nakunakilia kama lilivyo: "Sina."

Nilirudi nyumba ya wageni nikiwa na neno hilo, na pembeni nina kurasa arobaini za maneno yako. Wewe kila ulipomtaja uliinuka kwenda kunywa maji. Nilihesabu mara tisa. Nikaona siwezi kuchapa "sina" halafu wewe uje ulisome. Nilijiambia ni huruma. Huruma ilikuwepo, lakini ukurasa nao ulitaka kumalizika vizuri, na nilipokuwa naandika nililijua hilo. Kwa wengine ilikuwa hivyohivyo. Mtu ananiambia jambo la kawaida, natia chumvi kidogo, kisha nyingine, mpaka mwenyewe halitambui tena. Hakuna aliyelalamika, nikaendelea.

Ulipoandika kwamba maneno ya ukurasa wa 61 si yako, nilipaswa kusimama hapohapo. Badala yake nikakuzulia sebule, kochi na dirisha, na nikakutuma uende. Gazetini wameandika mengi juu yangu, lakini hili hawalijui, na ndilo linaloninyima raha.

Fomu zifanye utakavyo. Sitakuomba tena.

Mwandishi

*

Tarehe 26 Juni

Mwandishi,

Siku za kwanza nilikuchukia. Nilinunua rangi nikaufuta ule ukuta wangu, na wateja wakanuna, maana walishauzoea. Nilitaka na kitabu nikitupe. Nikakifungua kwa mara ya mwisho, kumbe nimeingia tena chumba cha boila, na nilipozinduka mteja alikuwa ameshaondoka na cherehani chake. Hilo linaniudhi sana. Pale ulipotumia macho yako hukukosea hata skrubu moja. Pamba ya kwenye kope ni kweli. Tetemeko la kwenye meno ni kweli. Hukuhitaji kutusemea. Bado nakipenda kitabu chako, naona haya kukipenda, na wewe sijui nikuweke upande gani.

Lakini kubwa si hilo. Jumatano nilienda kwa kaka na zile fomu mbili pamoja na barua yako. Sikukaa. Nilisimama karibu na mlango ili nikifukuzwa nisiwe na safari ndefu. Nikamsomea barua yako yote, na lile neno moja sikuliruka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nilijua tangu siku ile ya kwanza."

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Akanijibu taratibu, kama alivyokuwa akigawa kazi za zamu. Alisema siku ile alisikia karatasi zinatetemeka mikononi mwangu. Alisema yale maneno hayakuwa yake, wala hata hayafanani naye, yeye hajawahi kuongea vizuri hivyo maishani mwake. Ila angeyakana ningeondoka, na kwa macho aliyonayo sasa asingeweza kunifuata.

Kijana, nililia. Nina miaka sitini na nne na nililia mpaka shemeji akatoka jikoni kuuliza nani amefariki. Kaka akamwambia hakuna, ni mgongo wa huyu.

Fomu hakutia sahihi. Alisema kiwandani hakuwahi kusaini kazi asiyoikagua, na hii ameikagua, ni mbovu. Mimi pia sitii sahihi, wala Bi Uzi, wala Mlinzi, ambaye ameshautupa ule ufunguo na anasema shingo imepona. Najua maana yake kwako, na sifurahii. Ukipata nafasi ya kukichapa upya, ondoa maneno ambayo si yetu, utuachie kiwanda. Nitakuwa wa kwanza kufika dukani.

Nilipotaka kuaga, kaka aliniamuru nikae nichukue karatasi. Alikuwa na barua yake ya kukuandikia. Nimeiweka humu humu ndani. Alinifanya nimsomee mara mbili kuhakikisha sijaongeza neno, na safari hii ameridhika na vituo.

Fundi

*

Tarehe 24 Juni

Kwa Mwandishi,

Mimi ni msimamizi wa zamani wa zamu ya pili. Maneno ya ukurasa wa 143 sikuyasema. Yaondoe.

Ulipokuja mlangoni kwangu uliniuliza kama nina ndugu, nikakujibu sina. Hilo uliliandika kama lilivyo, na mtu asikulaumu kwa hilo. Lakini kama utalichapa sasa, chapa na hili pia: katika madaftari yako yote, uongo huo mmoja si wako. Ni wangu.

Msimamizi, zamu ya pili

Imeandikwa na mdogo wangu kwa mkono wake, kwa kuwa mimi sioni.